Paa la Udongo Juu ya Matairi Mawili

Nilimtoa mtamba wangu wa pekee nikapata nyumba yenye matairi mawili, na kwa wiki za mwanzo nilikuwa naamka kila alfajiri kwenda kuhakikisha kwamba haijaondoka. Nilikuwa nimeweka jiwe mbele na nyuma ya kila tairi. Kisha nikaongeza mawe mengine. Uwanja wa kwetu ni tambarare kama sinia, lakini mimi ni mtu wa hofu, na ni afadhali niseme mapema, maana yote ninayoeleza hapa yametokana na hofu hiyo.

Tela ile ilikuwa ya mzungu mmoja mpima miamba wa mgodi wa Sekenke. Aliivuta kwa gari lake kutoka pwani, akalala humo miaka mitatu akizunguka na nyundo yake, na aliporudi kwao Ulaya akamwachia dereva wake. Ilikuwa na mbavu za mbao, kuta za mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya maziwa, paa lenye mgongo lililofunikwa turubai, dirisha la kioo kila upande, kitanda cha kukunja, na mlango wenye kitasa cha shaba. Kitasa kile ndicho kilichoniponza.

Mimi ni fundi cherehani. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa shati bovu la mzungu nililolipata kwa mpishi wake. Nilifumua uzi wote, nikavitandaza vipande juu ya mkeka, nikavitazama, kisha nikalishona upya. Nikalifumua tena. Nilifanya hivyo mpaka kitambaa kikachoka kabla yangu. Baadaye nikapata cherehani ya mkono, nikakaa nayo kwenye baraza ya duka la Mwarabu, kama wanavyokaa mafundi wote wa nchi hii. Na hapo ndipo nilipoteseka. Kwenye baraza kila mtu anakutazama. Mmoja anasema kola imepinda, mwingine anasema haikupinda, wa tatu hana nguo kwako lakini anatoa ushauri. Nikitazamwa mikono yangu inatoka jasho na sindano inateleza. Kila jioni nilirudi nyumbani na kazi, nikaifumua, nikaishona tena peke yangu. Nilitaka mahali penye mlango. Zaidi ya hapo nilitaka kuwafuata watu walipo, niwapime mwenyewe mmoja mmoja, badala ya kuletewa kipande cha kamba chenye mafundo mawili na kuambiwa, "Huyu ndiye mume wangu, mshonee koti."

Kwa hiyo niliposikia kwamba dereva wa yule mzungu anauza tela, nilishuka mlima hadi Sekenke nikaikagua kwa siku tatu. Nilihesabu skrubu. Nilipima kila ukuta kwa futi yangu ya kamba. Niliandika kasoro kwenye daftari, zikafika arobaini na moja, na ya arobaini na moja ilikuwa kwamba dirisha la kushoto liko juu kuliko la kulia kwa upana wa kucha.

Dereva alikuwa mzee mfupi, mwenye majivuno, anayevaa kofia ya udereva hata shambani. Siku ya tatu alisimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Kijana, unanunua au unaoa?"

"Nanunua, mzee."

"Maana hata mke wangu sikumkagua hivi."

"Na ungemkagua ungekuta nini?" mkewe akauliza kutoka jikoni, na mzee akasema turudi kwenye biashara.

Alitaka ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mtamba wangu nilipewa na mama, naye alikuwa ameanza kunenepa vizuri. Nilipompelekea mama habari, alikuwa anapepeta uwele, na hakuacha kupepeta.

"Ng'ombe anazaa," alisema. "Hicho kibanda kitazaa nini?"

"Kitanipa kazi, mama."

"Kazi unayo barazani."

"Barazani siwezi, mama. Nitakufa pale."

Akanitazama, akaona sitanii. Akasema, "Haya, baba. Kama ni nyumba, basi tutaitunza kama nyumba." Maneno hayo yalinifurahisha sana wakati ule. Lori la mgodi liliivuta tela hadi juu ya mlima, likaiacha uwanjani kwetu.

Kabla mvua hazijaanza nilimwandikia barua mwalimu mkuu wa shule moja ya misheni kule Ilongero, upande wa pili wa mji wa Singida. Nilikuwa nimesikia kwamba wanafunzi wake wote watashonewa sare mpya. Niliweka ndani ya bahasha kola moja niliyoishona kwa mkono, ili aone. Niliandika kwamba nitakuja na karakana yangu ya matairi, nikae hapohapo shuleni, nimpime kila mwanafunzi mwenyewe. Niliandika pia kwamba karakana hiyo haivuji wala haipati joto. Sikuwa nimelala humo hata siku moja ya mvua.

Alijibu kwa mwandiko uliosimama kama askari. Kola ilikuwa nzuri. Nije Jumatatu ya kwanza baada ya mavuno, siku ambayo wanafunzi wanarudi. Nisipofika Jumatatu hiyo, kazi itakwenda kwa fundi wa mjini, kwa sababu sherehe ya shule haiwezi kumsubiri mtu. Barua ile niliisoma mpaka nikaijua kama sala. Kazi moja kama ile ingenitoa barazani kabisa. Nikiikosa, ningerudi pale kwa Mwarabu, bila mtamba, na tela ingekuwa banda la kuku la mama.

Kisha mvua ikanyesha, na tela ikavuja.

Ilivuja mahali pamoja, juu ya kitanda, karibu na ukuta wa kulia. Tone, kisha tone. Kwa mwingine lingekuwa jambo dogo. Mimi nilikaa chini ya tone lile kama mtu aliyeletewa hukumu. Niliona vitambaa vya khaki vya watoto wa watu vikiloa, vikipata madoa, na mwalimu akiisoma tena barua yangu.

Mama aliingia, akainua uso, akasema, "Mbona ni kitu kinachojulikana? Paa lako halina udongo."

Lazima nieleze, kwa msomaji ambaye hajakaa kwetu. Sisi tunaishi kwenye tembe. Tembe ni nyumba ya paa bapa: magogo, juu yake fito, juu yake majani, na juu ya yote udongo ulioshindiliwa. Paa likivuja, hakuna anayeuliza kwa nini. Unapanda na karai la udongo, unaongeza pale panapovuja, unashindilia, unakandika kwa jivu na samadi, umemaliza. Baba yangu alifanya hivyo kila mwaka hadi alipokufa, na babu kabla yake. Paa lisilo na udongo kwetu halijawa paa. Na kwa jua la Singida huwezi kukaa chini ya turubai tupu ukashona kola. Udongo ndio unaoleta ubaridi. Kwa hiyo aliposema vile sikuona kwamba ananishauri jambo geni. Niliona kwamba nilikuwa mjinga kusahau.

Na nilivyo mimi, sikuweka udongo tu. Nilipigilia mbao pembeni mwa paa ili udongo usiteleze kwenye ule mgongo. Nilipanga fito kwa kamba iliyonyooka. Udongo niliutafuta wa kichuguu, ulio mzuri kuliko wote, nikauchekecha kwa chekeche la mama la unga, naye akanigombeza kwa hilo. Shangazi na binamu zangu walibeba makarai tangu asubuhi hadi mchana, wakiimba na kunicheka. Mwanzoni ulikuwa unene wa vidole vinne. Nilipopima nikakuta upande mmoja una vidole vitatu na nusu, nikaongeza. Sasa upande wa pili ukawa mdogo, nikaongeza na huko. Nilipoacha ulikuwa shubiri nzima. Nikaupiga kwa ubao mpaka ukalia kama sakafu. Mvua iliyofuata halikuingia hata tone moja, na ndani kulikuwa na ubaridi mtamu. Nilikaa kitandani nikajisifu kwa sauti. Tela ilikuwa imekaa chini kidogo kuliko zamani, nami nililiona hilo, nikadhani matairi yamezama kwenye tope.

Mavuno yalipokwisha, mjomba wangu, kaka yake mama, alikubali kunivutia tela kwa maksai wake wanne. Mjomba ni mtu wa mzaha. Hajawahi kunyamaza katika safari yoyote. Tulitenga siku tisa, ingawa zingetosha saba, kwa sababu nilitaka siku mbili za hofu. Tukafunga nira, mama akamwaga maji kidogo mbele ya maksai, na tela ikaondoka ikilia chini yake sauti ya chuma kama mlango wa zamani.

"Nyumba yako inaugua tumbo, mjomba," alisema mjomba.

"Ni kutu tu."

"Maksai wangu hawasemi ni kutu. Tazama wanavyoniangalia."

Kweli maksai walivuta kwa shida. Siku ya kwanza hatukufika nusu ya tulipopanga. Watu wa kila kijiji walitoka kututazama, na mjomba alikuwa akiwaambia, "Huyu ni mpwa wangu, amekataa kuhama nyumbani, basi ameamua kuhama na nyumbani." Nilikuwa ninaingia ndani na kufunga mlango wakati tela inatembea, ili wasinione. Mjomba aliniambia nishuke, maksai hawakuniahidi kunibeba.

Siku ya tano, tulipokwisha pita Iguguno, tulishuka kwenye korongo kavu. Tairi la kushoto liligonga jiwe, si jiwe kubwa. Nikasikia mlio kama wa bunduki. Tela ikainama upande, ikakaa juu ya tairi lake, ikatulia. Chini yake niliona springi. Springi za tela ile ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine kama vidole vilivyofumbwa. Bamba refu la upande wa kushoto lilikuwa limekatika katikati.

Sasa nafika mahali ninapoona aibu. Sikufikiri hata kwa muda wa kumeza mate. Nilisema palepale, "Yule mzee ameniuzia chuma kilichooza." Nilikuwa na kasoro arobaini na moja kwenye daftari na springi haikuwamo, kwa hiyo iliniuma zaidi: ama mimi sikukagua vizuri, ama yeye alinificha. Kati ya hayo mawili nilichagua lile ambalo halikunigusa. Nilimwacha mjomba na maksai korongoni, nikasimamisha lori linalokwenda Sekenke, nikapanda juu ya magunia. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia yule mzee, nikiyafumua na kuyashona.

Nilimkuta kwa kinyozi, sokoni Sekenke, amekaa kwenye sanduku, kofia juu ya goti, shavu moja limenyolewa na la pili lina povu. Walikuwepo watu kama kumi wakisubiri zamu. Sikumwamkia. Kwetu kutomwamkia mzee ni sawa na kumpiga.

"Umenilia ng'ombe wangu," nilisema. "Ulijua springi imeoza ukaninyamazia. Wewe ni mwizi."

Wembe wa kinyozi ulisimama hewani. Mzee hakugeuza kichwa, kwa kuwa wembe ulikuwa shingoni.

"Toa hicho kisu," alimwambia kinyozi polepole. Kisha akanitazama. "Springi ipi?"

"Ya kushoto. Imekatika kwenye kijiwe kama yai."

"Tela ile imepita tope la Wembere masika ikiwa na mawe ya mzungu. Haikukatika. Umeweka nini ndani?"

"Cherehani, kitanda, vitambaa kidogo."

"Umebeba mzigo gani mwingine?"

"Hakuna."

"Umefunga kitu juu?"

"Sikufunga kitu chochote juu."

Niliapa hivyo mbele ya watu kumi. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisema uongo. Nikisema ukweli wangu wote, sikuwa nakumbuka udongo. Mtu akikuuliza umebeba nini, huwezi kutaja paa. Paa halibebwi, paa lipo. Lakini pia kuna kitu kidogo moyoni kilichopiga mbio aliposema "juu", nami nikakizima. Hicho ndicho ninachokiungama hapa.

Mzee alisimama, akajifuta povu kwa kiganja. "Kama hakuna mzigo, basi ni boliti iliyolegea ikagonga. Chuma changu hakiozi." Akachukua mfuko wake wa spana, akavaa kofia, akatoka na shavu moja lenye ndevu.

"Mzee, tumalize upande huu!" kinyozi akaita.

"Nikirudi nimetukanwa au nikirudi nimeheshimiwa, utamaliza."

Hatukusemezana njiani. Tulifika korongoni siku ya pili asubuhi. Mjomba alikuwa amewasha moto na kuwaeleza wapita njia habari zangu zote. Mzee aliingia chini ya tela, akakaa huko kwa muda. Alipotoka hakutazama springi tena. Alirudi nyuma hatua kumi, akainua uso, akarudi akapanda juu ya tairi la kulia, akachungulia paani. Kule juu, kwa mvua za mwisho, kulikuwa kumeota majani.

"Fundi," aliniita. Hakuwahi kuniita hivyo. "Hili shamba mmelima lini?"

Mjomba alijibu kwa ajili yangu. "Mwezi wa kwanza. Ndugu zetu walibeba makarai tangu asubuhi. Nilikuwepo, nilikula ugali wao."

"Na ninyi nyote mliona ni sawa?"

"Sisi tuliona amejenga," mjomba alisema, na kwa mara ya kwanza katika safari ile hakuwa anatania.

Mzee alishuka. "Kijana, nyumba yako ya kwenu inasimama juu ya magogo, na magogo yanasimama juu ya dunia. Hii inasimama juu ya vyuma viwili vyenye upana wa mkono wangu. Umeweka kilima juu yake halafu ukaniambia hujafunga kitu."

Nilitamani aniite mwizi. Nilitamani anipige. Nilisema, "Nitauondoa."

"Utauondoa. Lakini mimi nimekuja na spana tu, kwa sababu ulisema hakuna mzigo. Bamba la akiba liko nyumbani kwangu."

Ilikuwa Jumamosi. Kwenda Sekenke na kurudi ni siku mbili, lori likipatikana. Jumatatu ya mwalimu ilikuwa imekwisha pita mikononi mwangu nikiwa nimesimama pale. Na si kwa sababu ya springi. Kama ningesema neno moja tu kwa kinyozi, udongo, mzee angebeba bamba na tungeondoka siku ileile.

Nilichukua jembe kwa mjomba, nikapanda. Wapita njia walikuwa wamekaa ukingoni mwa korongo kama walioalikwa. Watu wale ndio niliowakimbia barazani, na sasa walikuwa wengi zaidi, na nilikuwa juu, mahali ambapo kila mmoja angeniona vizuri. Mikono ilitoka jasho. Nikapiga jembe. Udongo wangu haukukubali upesi. Nilikuwa nimeushindilia vizuri mno. Ulitoka kwa mabonge, na kila bonge lililoanguka, mmoja wao alisema, "Jikoni hilo!" au "Chumba cha watoto hicho!" na wengine wakacheka. Nilipofika katikati niliacha kuwasikia. Sikuwa jasiri. Kulikuwa na kazi tu, na sikuweza kuifanya huku nikiwasikia. Upande wa kushoto wa tela ulianza kuinuka taratibu kutoka kwenye tairi, kama mtu anayetua mtungi.

Nilipofika kwenye turubai la zamani, nililifagia kwa viganja. Karibu na ukuta wa kulia, juu ya kitanda, mshono ulikuwa umeachia. Ufa wa urefu wa kidole changu cha kati. Huo ndio uliokuwa unavuja. Nilikaa kando yake. Mimi, ninayejiita fundi, nilifunika kidole kimoja cha mshono uliofumuka kwa udongo wa shubiri nzima, kwa sababu niliinua uso nikaona paa, sikuona kitambaa.

"Kuna nini?" mzee akauliza kutoka chini.

"Panahitaji sindano," nilisema.

Mzee akamtazama mjomba. Mjomba akawatazama maksai. Hakuna aliyecheka mpaka mimi nilipoanza.

Nilishona ufa ule palepale, uzi mara mbili uliopakwa nta, nikasugua nta ya nyuki juu ya mshono mpaka jua likaiyeyusha ndani. Kisha nikapanda lori na mzee. Tulipofika Sekenke, yeye akielekea nyumbani kwake kuchukua bamba, mimi niliingia sokoni. Hakunituma. Watu wa kwa kinyozi hawakuwa walewale wote, lakini kinyozi alikuwepo, na kinyozi anatosha.

"Shikamooni wazee," nilisema. "Juzi nilimwita mzee dereva mwizi hapa. Springi haikuoza. Niliweka paa la tembe juu yake, udongo wa shubiri nzima, nami nikasema sikuweka kitu. Kosa ni langu."

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akauliza kwa upole wa kweli, "Ulikuwa udongo wa kichuguu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi ulikuwa udongo mzuri," akasema, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Kwa hao, kosa langu halikuwa wazi hata baada ya kuungama.

Mzee alifika na bamba begani, akasimama nyuma yangu. Sijui alisikia kiasi gani. Alikaa kwenye sanduku, akavua kofia, akamwambia kinyozi amalize. Ule upande ulionyolewa kwanza ulikuwa umeanza kuota, ikabidi wanyoe pande zote mbili tena, na lori letu likatusubiri likipiga honi.

Tulifunga bamba jipya Jumatatu jioni. Mzee alizungushia springi zote mbili ukanda wa ngozi mbichi iliyolowekwa, ili ikikauka ikaze kuliko boliti. Hakutaka malipo. Alisema tu nimshonee kofia siku moja, na isiwe na udongo. Mama sijamwambia mpaka leo. Aliponiuliza kwa barua kama paa linashika, nilijibu kwamba halivuji, na hilo ni kweli.

Maksai walikwenda kama waliofunguliwa. Mjomba alikimbia pembeni yao. Lakini haraka haikuweza kuirudisha Jumatatu. Tuliingia Ilongero Jumatano mchana, na kabla hatujafungua nira nilijua, kwa jinsi mwalimu mkuu alivyotoka ofisini polepole akiwa ameshika karatasi iliyokunjwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimempa kazi fundi wa mjini, jana. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimetengeneza jibu tangu korongoni: springi mbovu, barabara mbaya, Mungu. Lilikuwa jibu zuri, nilikuwa nimelifumua na kulishona mara nyingi. Mjomba alinitazama kuona nitalitoa.

Nilimwambia mwalimu habari yote kama ilivyokuwa: udongo, kinyozi, spana, ufa wa kidole. Nilimwambia pia kwamba barua yangu ilidai tela haivuji kabla sijaijaribu kwa mvua. Aliniacha nimalize. Kisha akazunguka tela, akagusa ngozi kwenye springi, akapanda kwenye tairi kama mzee dereva, akachungulia. Alikaa juu muda mrefu akitazama mshono.

"Huu ndio ulioushona korongoni?"

"Ndiyo."

"Watu wakikutazama?"

"Wengi sana."

Akashuka, akapangusa viganja. "Darasa la kwanza halijapimwa. Fundi wa mjini ameomba apelekewe vipimo vya kamba, kwa kuwa wadogo hawatulii. Utachukua hilo moja. Sikuahidi jingine."

Darasa moja badala ya shule nzima. Zamani ningekwenda ndani nikafunga mlango. Nilimwomba nianze siku ileile. Tuliweka meza nje, mbele ya tela, kwa sababu ndani hawangeenea, nikawapima mmoja mmoja mbele ya shule nzima iliyotoka kuona nyumba ya matairi. Mjomba aliondoka kesho yake na maksai wake, akinipigia kelele kutoka mbali kwamba nikitaka kuhama nijifunze kuvuta mwenyewe. Nilishona kwa siku kumi na mbili. Kola tatu nilizifumua. Zilikuwa zinafaa, lakini nilizifumua.

Nilipowavisha darasa la kwanza, mwalimu aliwapanga kwenye jua la asubuhi, akapita mbele yao na nyuma yao. Akarudi ofisini. Alitoka na majora mawili ya khaki, moja kwenye kila bega, na nyuma yake akafuata mlinzi wa shule na mengine mawili. Yalikuwa ya darasa la pili na la tatu. Fundi wa mjini alikuwa ameshona mifano, na mikono ya mashati haikulingana.

Mwalimu alisimama mlangoni pa tela, akaangalia springi, akaangalia majora.

"Fundi, itabeba?"

"Sijui, mwalimu," nilimwambia. "Weka moja kwanza, nichungulie chini."